Anasoma bila Kukwama, Lakini Haelewi: Jiko na Kitabu katika Kumlea Msomaji Mdogo

Walimu wa darasa la pili na la tatu huyasikia malalamiko haya kila muhula: mtoto anasoma, lakini haelewi anachosoma. Mpe ukurasa, atatamka neno baada ya neno, sauti imenyooka, kwenye nukta anatua. Funga kitabu umwulize sungura alifanya nini, atabaki anakutazama. Mzazi hudhani mtoto ni mvivu au hana usikivu. Ananunua daftari jingine la silabi, na wiki inayofuata wanaanza upya: ba, be, bi, bo, bu.

Silabi mtoto huyo anazijua. Kinachopungua hakipatikani kwenye daftari hilo, na sehemu yake kubwa hujengwa kabla mtoto hajavaa sare ya shule. Hujengwa jikoni wakati chakula kikiwa motoni, na mkekani au kitandani wakati mkubwa na mdogo wanaangalia kitabu kimoja. Sehemu hizo mbili hazifanyi kazi ileile, ingawa mara nyingi tunazichanganya, au tunathamini moja na kuidharau nyingine.

Kusoma ni kazi mbili kwa pamoja

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza kusoma kwa njia ambayo hadi leo watafiti wengi huanzia hapo. Walisema kuelewa maandishi kunatokana na uwezo wa aina mbili. Wa kwanza ni kuyageuza maandishi kuwa sauti na maneno. Wa pili ni kuielewa lugha yenyewe, yaani kile ambacho mtu angekielewa kama angesomewa kwa sauti. Uwezo huu haujumlishwi, unazidishwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Katika kujumlisha, upande mmoja ukiwa na nguvu unaufidia mwingine. Katika kuzidisha, upande mmoja ukiwa sifuri jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe mkubwa kiasi gani. Mtoto anayejua silabi zote lakini ana lugha haba atapata kidogo kwenye ukurasa. Na mtoto hodari wa kusimulia asiyejua herufi hatapata kitu.

Kwa Kiswahili, kazi ya kwanza ni nyepesi kuliko lugha nyingi. Tuna vokali tano, kila moja na sauti yake, na maneno mengi yanatamkwa jinsi yalivyoandikwa. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliotoka mwaka 2003, ulilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha kadhaa za Ulaya. Wale wanaosoma kwa tahajia iliyo wazi, kama ya Kifini na Kiitaliano, wengi walikuwa wanasoma maneno kwa usahihi kabla mwaka wa kwanza wa shule haujaisha. Wanaosoma Kiingereza walikwenda polepole mno, kasi yao haikufika hata nusu ya ile ya wenzao. Kiswahili hakikuwemo katika utafiti huo, lakini tahajia yetu iko kundi moja na Kifini na Kiitaliano.

Wepesi huo ni neema, na una mtego wake. Mtoto wa Kiswahili anaweza kusoma kwa ufasaha kitu asichokijua kabisa. Mpe sentensi hii: "Mfalme alighadhibika akaamuru ghala lifungwe." Ataisoma yote. Kama hajawahi kusikia kughadhibika wala ghala, amesoma kelele tu, na hakuna aliyegundua, kwa sababu hakukwama. Ndiyo maana tatizo huchelewa kuonekana. Mzazi anasikia sauti safi, anatosheka, anaendelea na shughuli zake.

Kuanzia mwaka 2009, mpango wa Uwezo ulipeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda kuwapima watoto kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Matokeo yalirudia jambo lilelile, kwamba watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa hadithi hiyo. Serikali zilichukua hatua. Tanzania ilileta mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa madarasa mawili ya mwanzo, na Kenya ikaanza mpango wa Tusome mwaka 2015. Hatua hizo zilihitajika. Lakini darasani kuna mwalimu mmoja na watoto wengi, na uwezo ule wa pili, wa lugha, hukua pale mkubwa anapomjibu mtoto kwa jambo ambalo mtoto mwenyewe amelianzisha. Mwalimu mwenye watoto sabini hawezi kufanya hivyo na kila mmoja, hata awe na moyo wa namna gani. Mtu anayepika anaweza.

Jiko linatoa nini

Fikiria vitenzi tu. Tunachambua maharage, tunapepeta mchele, tunamenya viazi, tunakuna nazi, tunachuja tui, tunatwanga pilipili, tunakanda unga, tunasukuma chapati, tunasonga ugali, tunakoroga uji, tunapalia makaa, tunainjika sufuria, tunaiepua, tunapakua. Kila kitendo kina jina lake, na mtoto anakiona kikitendeka huku jina likitajwa. Hakuna picha ya kitabuni inayofundisha tofauti ya kukoroga na kusonga kama mwiko uliomo mkononi. Lakini ziko nyumba nyingi ambako chakula kinapikwa kila siku na mtoto anaambulia maneno matatu: toka hapo, utaungua. Au mkubwa anasema "lete hiyo, weka hapo", na vitenzi vyote hivyo vinapita bila kutajwa. Kutaja kitu kwa jina lake hakuongezi hata dakika moja kwenye mapishi.

Juu ya msamiati kuna jambo lililo muhimu zaidi, nalo ni muundo wa fikra. Maelezo ya mapishi yamejaa sharti na mfuatano: maji yakichemka, tia unga, vitunguu vikibadilika rangi, weka nyanya, tui likianza kukatika, punguza moto. Ile -ki- ndogo inamfundisha mtoto kwamba jambo moja hungoja jingine. Baadaye, kitabu cha sayansi cha darasa la nne kitamwandikia "maji yakipashwa joto huwa mvuke", na mtoto aliyeisikia -ki- hiyo mara elfu mbele ya sufuria hatahitaji kufafanuliwa sentensi.

Chukua kazi iliyo rahisi kuliko zote, ya kuchambua maharage. Shangazi amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani, mpwa wake wa miaka mitano kando yake.

"Shangazi, hili bovu."

"Kwa nini unasema bovu?"

"Lina tundu."

"Nani kalitoboa?"

"Mdudu."

"Sasa mdudu mwenyewe yuko wapi?"

Mtoto analigeuza harage, analisogeza karibu na jicho. "Ametoka. Au yumo ndani amelala."

"Kama yumo, tukilipika?"

"Tutamla!" Na anacheka mpaka ungo unatikisika.

Katika muda mfupi huo mtoto ametoa dai, akatoa sababu ya dai lake, akazungumzia kiumbe asiyeonekana, akatoa dhana mbili zinazopingana, kisha akatabiri matokeo. Miaka mitatu baadaye karatasi ya mtihani wa ufahamu itamtaka afanye hayohayo: kwa nini mwandishi anasema hivi, unadhani nini kitafuata. Shangazi hakutoa somo. Alifanya jambo moja tu la makusudi: hakujibu haraka. Mkubwa aliyechoka angesema "ndiyo, bovu, tupa", na mazungumzo yangeishia hapo.

Maharage yakishainjikwa, maswali yanaendelea. Mbona nyanya haziwekwi sasa hivi? Kwa sababu uchachu wa nyanya huyachelewesha kulainika, basi tunasubiri yaive kwanza ndipo tuunge. Sababu hiyo ni ya kweli, na mtoto ataihakiki kwa jino lake mwenyewe siku mpishi atakapofanya haraka akazitia mapema. Sababu za kweli zina thamani kuliko "ndivyo tunavyofanya", maana zinamzoesha mtoto kutarajia kwamba mambo yana sababu na kwamba sababu zinaweza kuelezwa kwa maneno.

Kuhusu kuchambua nina la kuongeza, hata kama liko pembeni kidogo. Kazi hii si mchezo wa kumshughulisha mtoto. Mahindi na karanga zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyochafuliwa nayo. Kuondoa punje zilizobadilika rangi, zilizokunjamana au zenye ukungu hupunguza sumu hiyo, ijapokuwa hakuimalizi, na mahindi yaliyoota ukungu gunia zima hayana dawa ila kutupwa. Mtoto aelezwe kwa nini anachambua. Akijua kazi yake inalinda watu wa nyumbani ataifanya kwa makini.

Mazungumzo ya namna hii, ya wakati wa chakula, yamechunguzwa. Catherine Snow wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto wa familia za kipato cha chini katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Pamoja na mambo mengine, walirekodi mazungumzo ya wakati wa kula. Waliona kwamba maneno adimu, yale ambayo mtoto hayasikii kila saa, yalijitokeza kwa wingi kwenye masimulizi na maelezo ya mezani, na watoto walioyasikia walikuja kuwa na msamiati mpana zaidi. Familia hizo hazikuwa na pesa. Zilikuwa na mazoea ya kueleza mambo wakati wa chakula.

Hapa pana fundo lingine. Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley, watafiti wa Kansas, walitoa hesabu iliyopata umaarufu mkubwa: kwamba mtoto wa familia maskini husikia maneno pungufu kwa milioni 30 kufikia umri wa miaka minne, akilinganishwa na wa familia zenye nafasi. Hesabu hiyo ilitokana na familia 42 tu, na tangu hapo imepingwa, hasa kwa sababu ilihesabu yale anayoambiwa mtoto moja kwa moja na kuacha mengi anayoyasikia kwa watu wengine waliomzunguka. Kwa nyumba zetu, zenye bibi, shangazi, kaka na majirani, ukosoaji huo ni wa haki. Kwa bahati mbaya, wazazi wengi walibakiwa na wazo la wingi tu, wakaona heri televisheni iwake mchana kutwa, kwani si inaongea? Mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake waliwarekodi majumbani watoto wa miaka minne hadi sita, kisha wakapiga picha za ubongo wao wakati wakisikiliza hadithi. Kilichoendana na utendaji wa ubongo katika eneo la lugha kilikuwa kupokezana, yaani mara ngapi mtoto alisema akajibiwa, au aliulizwa akajibu. Televisheni haijui kama mtoto amejibu.

Masikio kabla ya macho

Jiko lina zawadi nyingine kwa msomaji mtarajiwa, na hii inahusu ule uwezo wa kwanza. Kabla ya kuona silabi kwenye ubao, mtoto anahitaji kuzisikia ndani ya maneno anayoyatumia. Wakati wa kupanga vitu vya kupika, pigeni makofi kwa kila kitu: na-zi, makofi mawili, nya-nya, mawili, vi-tu-ngu-u, manne. Kisha fika kwenye mboga na mchele. Yote yanaanza na m, lakini mboga lina makofi mawili, mbo-ga, na mchele lina matatu, m-che-le. Kwenye mboga m imeegemea b. Kwenye mchele imesimama peke yake. Mtoto wa miaka mitano huisikia tofauti hiyo mara moja, na hufurahi sana kuisikia.

Faida yake utaiona darasa la kwanza. Walimu wanayafahamu madaftari yenye "muchele" na "mutoto". Mtoto anayeandika hivyo ana mantiki: amefundishwa kwamba silabi huishia kwa vokali, masikio yake yanamwambia neno lina mapigo matatu, basi anaongeza u ili hesabu itimie. Aliyecheza makofi jikoni ameshaambiwa kwamba m ina uwezo wa kuwa silabi yenyewe. Hana haja ya u.

Vitendawili ni vya hapohapo. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango: yai. Kuku wangu katagia mwibani: nanasi. Wakati unapasua mayai au unamenya nanasi, jibu liko mkononi na mtoto analiona, na ni vizuri hivyo kwa mdogo wa miaka minne, ambaye bado anajifunza kwamba maneno yanaweza kusema kitu kimoja na kumaanisha kingine. Kwa mkubwa wa miaka saba tega jibu likiwa limefichwa, kisha mwambie naye atunge cha kwake. Atatunga kibaya, tena kirefu. Kisikilize mpaka mwisho.

Nani afanye kipi ni suala la umri na usalama, wala halina utata. Wa miaka mitatu anaweza kuchuma majani ya mchicha kwenye mashina na kuosha nyanya. Wa minne anachambua na kupanga sahani. Wa mitano au sita anapima maji na unga kwa kikombe na kuhesabu kwa sauti, anamenya yai lililochemshwa, anakanda kipande chake cha donge. Moto, maji ya moto, mafuta na kisu ni vya mkubwa. Jiko la mkaa lililowekwa chini na sufuria ya uji unaotokota huunguza watoto wengi, kwa hiyo mtoto na akae upande wa kuandaa, mbali na upande wa kupikia, na utaratibu huo usibadilike kwa kuwa leo mna haraka.

Kitabu kinatoa kile ambacho jiko halina

Baada ya kulisifu jiko kiasi hiki, niseme wazi kwamba peke yake halitoshi. Mazungumzo ya jikoni hutegemea kile kilichopo mbele ya macho. Anayesema "kimeiva" anaeleweka kwa sababu sote tunakitazama. Maandishi hayana msaada huo. Msomaji lazima ajenge mahali, watu na wakati kutokana na maneno matupu, na lugha ya kufanyia hivyo mtoto huipata kwa hadithi, ziwe za kusimuliwa au za kusomwa.

Jikoni mnatumia -ki-. Kwenye hadithi inatawala -ka-: sungura akatoka, akatazama kushoto na kulia, akachimba shimo, akaingia. Ndani ya -ka- hizo mtoto anajifunza kushika uzi wa matukio bila kuambiwa kila mara nani anatenda. Hadithi pia ina maneno ambayo hayana nafasi mbele ya sufuria: njama, hila, kughadhibika, kujuta, hatimaye, papo hapo. Na kitabu kinaongeza kitu ambacho simulizi ya bibi haina, kwa kuwa maneno yake hayabadiliki. Ukisoma leo na kesho, sentensi ni ileile. Mtoto anaanza kuikamata kwa masikio, kisha siku moja anaweka kidole juu yake na kusema, "hapa pameandikwa akaingia".

Ndiyo maana mtoto anayetaka kitabu kilekile kila usiku hapaswi kukatazwa. Jessica Horst na wenzake nchini Uingereza waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mapya, baadhi wakisomewa hadithi ileile mara kadhaa na wengine hadithi tofauti zenye maneno hayohayo. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba waliorudiwa hadithi moja ndio walioyashika maneno. Kwa nyumba yenye vitabu viwili tu, hii ni habari njema kabisa.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko idadi ya vitabu. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, katika jimbo la New York, waliwachukua wazazi ambao tayari walikuwa wakiwasomea watoto wao wadogo. Kundi moja liliendelea kama kawaida. Jingine lilifundishwa kumpa mtoto nafasi ya kusimulia: kumwuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kulipokea jibu lake, kulipanua kidogo na kumrudishia. Baada ya mwezi mmoja, watoto wa kundi la pili walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kujieleza.

Kwa Kiswahili inakwenda hivi. Tuseme ukurasa una picha ya mbuzi kwenye dirisha la jiko, na umeandikwa: "Mbuzi akachungulia. Sufuria ilikuwa inatoa mvuke, na mama hakuwepo." Swali la kwanza linalomjia mzazi ni "huyu nani?" Mtoto anajibu "mbuzi", basi. Uliza badala yake: "Unadhani anawaza nini?" Mtoto anasema, "Anataka kula." Panua: "Anatamani kula, ila sufuria ina moto. Tumejuaje ina moto?" Mtoto anaonyesha mvuke kwenye picha. Mweleze kwamba na neno mvuke limo humu, umwonyeshe lilipo. Alishauona mvuke mchana ukitoka kwenye wali, sasa anauona umeandikwa. Neno moja limeshikwa kwa mkono, kwa sikio na kwa jicho, ndani ya siku moja.

Maswali yasizidi, lakini. Hadithi iliyokatizwa kila sentensi inageuka kuwa mtihani, na mtoto ataanza kukimbia kitabu. Mawili au matatu kwa kitabu kizima yanatosha, na siku ambazo mmechoka soma tu moja kwa moja, kwa sauti yenye uhai.

Kuna ugumu mmoja wa Kiswahili usiosemwa mara nyingi. Vitenzi vyetu ni virefu. "Alipokwishawapakulia" ni neno moja lenye nani, lini, kwisha kwa tendo, nani aliyetendewa na tendo lenyewe. Mtoto anayelisoma silabi moja moja anafika mwisho akiwa ameshasahau mwanzo. Kumrudisha kwenye silabi hakumsaidii. Amezitamka zote sawasawa. Mwambie wewe neno zima kwa mkupuo mmoja, kama unavyolisema, halafu naye alirudie hivyo kabla ya kuendelea. Masikio yaliyokwisha kusikia wapakulie wageni, tumewapakulia, mbona hujanipakulia, yatalikata neno hilo panapostahili bila kufundishwa sarufi.

Vitabu vinapatikana kwa urahisi kuliko zamani. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, unatoa bure kwenye mtandao hadithi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo kwa wingi, na zinasomeka hata kwenye simu. Tanzania kuna vitabu vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, na maktaba za mikoa zina sehemu ya watoto. Lakini kitabu ninachokipenda zaidi ni kile kinachotengenezwa nyumbani. Mtoto anasimulia jinsi ugali unavyopikwa, mkubwa anaandika maneno yake kama yalivyo, karatasi zinakunjwa na kushonwa kwa uzi, mtoto anachora. Cha mmoja ninayemfahamu kinasema hivi: "Kwanza maji. Maji yakichemka mama anatia unga. Anasonga. Anasema mkono unauma. Tunakula." Kila neno humo ni lake, hivyo anapolisoma hakuna asilolielewa. Sauti na maana zimekutana tangu ukurasa wa kwanza. Kuna -ki- ya jikoni, na kuna mwanzo, katikati na mwisho wa hadithi.

Kwa lugha gani, na nani wa kufanya

Swali hili linawasumbua wazazi wa mjini kuliko yote. Shule inafundisha kwa Kiingereza, basi nyumbani nako mama anajitahidi na Kiingereza chake cha "come, eat, don't touch". Matokeo yake ni kwamba mtoto anapokea lugha ya amri peke yake. Sababu hazielezwi, masimulizi hayapo, kwa kuwa mama mwenyewe hayawezi kwa lugha hiyo. Uwezo wa kufuata hoja, kutabiri na kusimulia ukishajengwa katika lugha moja humsaidia mtoto katika nyingine. Atakachohitaji ni maneno mapya ya mambo anayoyaelewa tayari. Ongea kwa lugha unayoimudu. Kama ni Kisukuma, kama ni Kikamba, kama ni Kihaya cha bibi, kisha Kiswahili cha kitabu kifuate. Umaskini wa lugha unaingia pale mkubwa anapoacha lugha anayoijua vizuri na kushika asiyoijua.

Kwa hoja hiyohiyo, bibi asiyejua kusoma ni mwalimu kamili wa nusu ya kazi. Anajua kueleza, anajua vitendawili, na mara nyingi ana muda wa kungoja jibu. Kitabu anaweza kukishika pia: mjukuu anafungua, anasimulia picha, bibi anauliza. Baba naye, aliyezoea kurudi chakula kikiwa tayari, ana nafasi yake katika kusoma na kusimulia ya siku hiyo, na hakuna sababu yoyote ya msingi asikae na ungo wa mchele Jumapili.

Katika nyumba nyingi za mjini anayeshinda na mtoto ni dada wa kazi. Ndiye anayepika, ndiye anayeulizwa "hii nini, dada?" mara hamsini kwa siku. Wazazi humwachia maagizo ya chakula, ya kuoga na ya kulala, ila hawamwambii kwamba kumjibu mtoto ni sehemu ya kazi na kwamba haonekani mzembe akikaa kumsimulia. Mwambieni. Mwachieni vitabu mahali anapovifikia, na kama aliacha shule mapema, msomeeni na yeye akiwepo, kwa heshima. Analolipata atalipeleka kwa mtoto, na analipata kwa faida yake mwenyewe.

Chakula nacho kina la kwake. Upungufu wa madini ya chuma kwa watoto wadogo unahusishwa na uchovu, umakini mdogo na kujifunza kwa shida. Maharage, mboga za majani na dagaa yana madini hayo, lakini chai inayonywewa pamoja na mlo huuzuia mwili usiyapokee vizuri. Ipelekeni chai saa nyingine, na kwenye maharage kamulieni ndimu au mfuatishe chungwa, kwani vitamini C husaidia madini hayo kufyonzwa. Hilo nalo ni jambo la kumweleza mtoto wakati ndimu iko mkononi mwake.

Na kama mnaongea naye, mnamsomea, na bado makofi ya silabi yanamshinda, anachanganya maneno yanayokaribiana sauti, anasema "eh?" kila mara au anakutazama mdomo unapoongea, msiongeze masomo. Mpelekeni akapimwe masikio. Watoto wadogo hupata maambukizi ya sikio mara kwa mara, na sikio linalotoa usaha au lenye majimaji ndani hupunguza usikivu kwa wiki nyingi bila maumivu makubwa. Kliniki ya watoto ndiyo pa kuanzia, na mwalimu wake aambiwe ili amkalishe mbele wakati anatibiwa.